Miguu Mia Moja Sitini na Nane

Simu niliyoitumia ilikuwa kwenye duka la vitambaa karibu na soko la Garissa, juu ya kaunta, katikati ya marobota ya diraa, yale magauni mapana ya kike. Ukitaka kupiga Nairobi ulingoja zamu yako, na kungoja ndicho kitu nilichokuwa sikiwezi kabisa. Siku ile nilisimama nyuma ya mzee aliyekuwa akimweleza mwanawe habari za ngamia waliofika Habaswein, na kabla hajamaliza kusalimia nusu ya ukoo nilikuwa nimeshatafuna kalamu mpaka wino ukanifika mdomoni. Mkononi nilikuwa na karatasi yenye maswali matatu ya fundi na majibu yangu matatu. Nilitamani kumnyang'anya mzee ile simu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na nilimfanyia kazi habaryar, yaani mdogo wake mama, aliyekuwa na chumba kimoja nyuma ya duka la dawa ambacho yeye alikiita chuo. Alipoachika Takaba alirudi Garissa juu ya lori la mbuzi akiwa amepakata mashine moja ya taipu, na kutoka mashine ile alikuwa amefikisha sita. Wasichana kumi na wanne walikuja kila siku baada ya swala ya adhuhuri kujifunza kupiga chapa bila kuangalia vidole. Na kwenye kona, chini ya kitambaa kilichofumwa kwa mkono, palikuwa na kompyuta moja kuukuu iliyoachwa na mradi fulani ulipofunga ofisi.

Kompyuta ile ndiyo iliyokuwa inatunyima raha. Afisa wa mitihani alikuwa anakuja kutoka Nairobi kukagua chumba chetu. Angekuta kompyuta inaweza kufungua programu mpya iliyokuwa inatumika kwenye mtihani, chuo kingekuwa kituo cha mtihani, na wasichana wangefanyia mtihani wao palepale Garissa. Asipokuta hivyo, ingebidi waende Nairobi, na sikujua baba hata mmoja kati ya wale kumi na wanne ambaye angemruhusu bintiye. Chuo kisichotoa karatasi ni baraza la maongezi tu. Habaryar alilijua hilo, nami nililijua, na tulikuwa na wiki mbili kasoro.

Tatizo lilikuwa uzee. Ukiiwekea programu ile mpya, kompyuta yetu iliguna, ikawaza, ikakuonyesha saa ya mchanga, na ungeweza kwenda kuswali na kurudi ukaikuta palepale. Fundi mmoja wa Nairobi, aliyenifundisha kwenye kozi ya miezi mitatu, aliniambia hakuna haja ya kununua nyingine. Badilisha prosesa, alisema, ile chipu ndogo inayofanya kazi ya kufikiri. Lakini kwanza chunguza madabodi, ubao mkubwa ambao chipu hiyo inakalia, ujue unaweza kubeba nini. Soketi ina matundu mangapi? Ubao unaweza kwenda kasi gani? Unatoa volti ngapi?

Kwa hiyo asubuhi ile, kabla ya kwenda dukani kupiga simu, nilikuwa nimeifungua. Vumbi la Garissa lilikuwa limelala ndani, jekundu, unene wa kidole, pamoja na nge mmoja aliyekufa zamani. Nilipuliza, nikapiga brashi ya rangi, habaryar akanishikia tochi huku akisoma dua polepole. Matundu niliyahesabu kwa njiti ya kiberiti, nikakosea, nikaanza upya, nikakosea tena, nikatukana, habaryar akanipiga begani. Kasi ilikuwa imechapwa kando ya sindano ndogo mbilimbili, na kikofia cheusi unachokihamisha kutoka ishirini na tano kwenda thelathini na tatu. Kuhusu volti, nilitafuta kila kona. Palikuwa na namba moja tu, kwa maandishi meupe karibu na soketi: tano. Hapakuwa na sindano za kuchagua nyingine.

Zamu yangu ya simu ilipofika nilimsomea fundi yote hayo kwa pumzi moja.

"Sikiza sasa, madam," akasema. "Hiyo bodi yako ni ya kitambo. Volti tano peke yake, haina mahali pa kupunguza. Tafuta prosesa ya sitini na sita, ile inakimbia mara mbili ya bodi. Umeskia? Ukiletewa ya mia moja, usiiweke. Ya mia inataka volti tatu. Itaingia sawasawa, miguu ni ile ile mia moja sitini na nane, na utadhani iko poa. Halafu utaichoma, na huenda ikaenda na bodi."

"Na kama ya sitini na sita haipatikani?"

"Basi kuna kiti kidogo kinakaa katikati, kinapunguza umeme. Hicho niko nacho hapa. Nikikitia kwa basi, siku mbili kiko kwako. Lakini tulia, wacha niitafute hiyo sitini na sita mwenyewe. Nipe wiki moja."

Wiki moja! Nilimwambia asijisumbue. Baba alikuwa anapeleka ng'ombe Nairobi kesho yake, na Isili yote, mtaa wa Wasomali kule, ilikuwa inamjua. Nilikata simu nikijiona mjanja.

Baba alikuwa dalali wa mifugo. Kazi yake ilikuwa kusimama kati ya mwenye ng'ombe na mnunuzi, mkono wake chini ya shuka pamoja na mkono wa mtu, vidole vikisema bei ambayo waliosimama karibu hawakuweza kuiona. Chuo cha habaryar hakuwahi kukikanyaga. Hakukikataza, lakini alipokuwa akiulizwa bintiye anafanya nini, alijibu kwamba anamsaidia mdogo wake mama, kisha akauliza habari za mvua. Mimi jambo hilo liliniuma, na nilijifanya haliniumi. Kwa hiyo nilipomwomba aninunulie prosesa, na yeye akaketi vizuri, akanyoosha mkono na kusema, "Nionyeshe hicho kitu," nilisogea upesi kabla hajaghairi.

Nikampa karatasi. Nilikuwa nimeandika sitini na sita kwa herufi kubwa, na chini yake volti tano, nikapiga mstari mara mbili. Baba alikuwa anasoma vizuri tu, lakini aliikunja bila kuiangalia.

"Mimi sinunui mnyama kwa karatasi," alisema. "Nipe ile ya zamani niende nayo. Nitaiweka pembeni ya mpya nione."

Nikaing'oa prosesa ya zamani, nikaichomeka kwenye kipande cha sponji ya godoro ili miguu isipinde, nikaifunga. Sasa kompyuta ilibaki tupu. Habaryar aliitazama soketi ile yenye matundu, akafunika kila kitu kwa kitambaa chake, akasema inshallah.

Siku zile sita za safari yake sikulala vizuri wala sikukaa vizuri. Niliwakaripia wasichana kwa makosa ya koma. Nilihamisha meza, nikazirudisha. Kila nikisikia lori nilitoka nje. Barabara ya Nairobi wakati ule ilikuwa ya msafara na askari, na gari likikosa msafara linalala njiani. Habaryar aliniambia nikizunguka mara moja zaidi atanifunga kamba kama mwanambuzi, nikacheka, kisha nikazunguka.

Baba alifika Ijumaa. Hakuja nyumbani kwanza. Baada ya swala ya alasiri nilisikia kikohozi chake mlangoni pa chuo, na nilipogeuka alikuwa amesimama pale na kanzu safi, akitazama ndani kama mtu anayekagua zizi la mwenzake. Nyuma yake walikuwa watu wawili. Mmoja alikuwa mshirika wake, mzee wa Habaswein. Wa pili alikuwa mnunuzi wa ng'ombe kutoka Thika, mtu mnene mchangamfu asiyejua Kisomali, na kwa ajili yake baba akazungumza Kiswahili.

"Karibu, karibu. Hii ndio chuo ya msichana yangu," alisema. "Kombyuta yake ilikuwa na ngufu ishirini na tano beke yake. Mimi nimeleta ya mia moja."

Mia moja. Nilifikiri amekosea kuhesabu. Akatoa kifurushi mfukoni mwa kanzu, akanipa kwa mikono miwili, na wakati nafungua akawa anasimulia, Kiswahili kikimwishia anaingia Kisomali, mzee wa Habaswein akimtafsiria yule wa Thika. Alikuwa ameingia kwenye duka la vifaa Isili, akaomba ya sitini na sita, sawasawa kama nilivyomwagiza. Mwenye duka akamuuliza yeye ni mtoto wa nani. Wakahesabiana ukoo, wakakutana kwa babu wa sita. Na huyo mwenye duka akaapa kwamba mtu wa kwao hatoki dukani kwake na kitu hafifu. Akairudisha ya sitini na sita kwenye kabati, akatoa ya mia, kwa bei ile ile, na ile ya zamani akaichukua yeye ili baba asibebe takataka.

"Ningekataa?" baba aliwauliza wote. "Mtu amekuheshimu, unamrudishia? Na si kwamba nilipokea hivi hivi. Nilizilaza mgongo, moja hapa, moja hapa. Nikahesabu miguu. Mia moja sitini na nane, mia moja sitini na nane. Nilihesabu mara tatu!"

Mimi kuhesabu matundu nilikosea mara mbili. Nilimwona amekaa kwenye kaunta ya mtu, miwani puani, akihesabu miguu ya chuma midogo kama sindano kwa ajili yangu, baba ambaye hakuwahi kuuliza ninafanya nini. Na kwenye mgongo wa ile chipu, wazi kabisa, palikuwa pameandikwa 100, na chini yake volti 3.

Habaryar alinisogelea. "Ndiyo yenyewe?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

Nilikuwa na maneno ya kusema. Ilitosha kusema kuna kifaa kidogo kimebaki, kitakuja na basi, tungoje mpaka Jumatatu. Afisa alikuwa anakuja Jumatano. Nafasi ilikuwepo. Lakini nilitazama uso wa baba, na wa yule mtu wa Thika aliyekuwa ameshavuta kiti, na nikajua kwamba nikisema neno moja la "lakini", baba ataelewa kwamba amepewa kitu kisichofaa na amekishangilia mbele ya watu. Dalali mzima. Na tena, niseme kweli, mimi mwenyewe nilikuwa nimechoka kungoja. Nikajiambia mafundi huwa wanatisha watu. Nikajiambia labda.

"Ndiyo," nikamjibu habaryar. "Hata inazidi."

Niliipanga kona iliyokatwa ikatazama alama ya soketi, nikabana. Iliingia laini, miguu yote, kama fundi alivyosema. Nikahamisha kikofia cheusi kwenda thelathini na tatu. Nikawasha.

Jamani, ilikimbia! Memori ikahesabika kabla hujapepesa. Programu mpya, ile iliyokuwa inatulaza, ilifunguka nikiwa bado nimeshika kipanya. Yule wa Thika alipiga paja, akasema mzee umetoboa. Habaryar akafunika mdomo kwa mtandio, machozi yakamtoka palepale bila kuona haya. Mimi nilikuwa nimeweka kiganja kwenye ubavu wa kompyuta, mahali ambapo kifuniko hakikuwepo, na nilihisi joto likipanda kama la jiko.

"Basi tuizime ipumzike," nikasema.

"Ngoja," baba akasema. "Andika jina langu."

Nikaliandika. Akaliona kwenye skrini, akacheka kwa sauti ambayo siku hizi naikumbuka kuliko mambo mengi. Kisha akasema jina la baba yake. Nikaliandika. Kisha la babu yake. Kwetu mtoto hufundishwa kuhesabu mababu kabla ya kufundishwa kuhesabu vidole, na mtu akianza kuwataja hakuna anayemkatisha. Ni kama kumkatisha anayeswali. Baba alifumba macho na kuwataja mmoja mmoja, taratibu, akinipa nafasi ya kuandika. Mimi niliandika kwa kasi ambayo sijawahi kuandika, bila kuangalia vidole, ili tu amalize. Makwapa yalinilowa. Kwa babu wa sita alitaja na jina la mwenye duka wa Isili, akamwombea heri. Kwa wa nane mzee wa Habaswein akajiunga, maana hapo ndipo ukoo wake na wetu ulipokutana, na sasa wakawa wanataja wawili, kwa fahari. Ukoo wetu ni mrefu. Nilimwomba Mungu aufupishe.

Kwa babu wa kumi na moja herufi ziliacha kutokea. Nilibonyeza, nikabonyeza. Harufu ikafika, ile harufu ya plastiki iliyoungua, na skrini ikawa nyeusi.

Nilichomoa waya ukutani. Kisha baba akasema kwa Kiswahili, kwa ajili ya mgeni, "Ni umeme ya hapa. Umeme ya hapa si msuri." Akanigeukia. "Si ndiyo?"

"Ndiyo, aabo," nikasema. "Ni umeme."

Yule wa Thika akatikisa kichwa kwa huruma, akaeleza jinsi friji ya bucha yake ilivyoungua vivyo hivyo. Wakaondoka kwenda kunywa chai, baba akiwa bado ameinua kichwa.

Jumamosi asubuhi nilikuwa wa kwanza kwenye simu. Nilimweleza fundi yote, na hakunikaripia. Alizunguka siku nzima akapata ya sitini na sita, akaitia kwenye basi, nikaipokea Jumanne mchana. Niliipanga, nikabana, nikawasha. Feni ilizunguka, basi. Nikaitoa, nikairudisha, nikahamisha vikofia, nikapiga simu tena, nikafanya kila alichoniambia. Ubao ulikuwa umekwenda na ile ya mia.

Afisa alikuja Jumatano kama alivyoahidi. Alikuwa mama mpole mwenye miwani ya mnyororo, na alikunywa chai yetu ya maziwa ya ngamia bila kukunja uso. Aliwasikiliza wasichana wakipiga chapa, akasema hajaona mikono mizuri kama ile tangu aanze ziara. Kisha akaomba kuona kompyuta. Habaryar alimweleza kwamba iliungua kwa umeme siku chache tu zilizopita, na kwamba ilikuwa inafungua programu, aliiona kwa macho yake. Mama yule alimwamini. Lakini fomu yake ilikuwa na kisanduku kimoja cha kuweka alama, na hakuweza kukiwekea alama kwa kitu kilichosimuliwa. Labda mwaka ujao, alisema.

Mwaka ujao haukutufaa. Wasichana walipungua mmoja mmoja, bila ugomvi. Huyu aliolewa, yule alirudishwa nyumbani kusaidia, wengine walisema tu wamechoka. Kufikia mfungo walikuwa watano. Mwaka uliofuata habaryar aliuza mashine za taipu kwa waandishi wa barua waliokaa nje ya ofisi za serikali, akabakiza ile moja ya Takaba, akapata mtu wa kushirikiana naye duka la nguo kule Bura.

Baba kwa upande wake aliendelea kusimulia sokoni jinsi mababu zake kumi na mmoja walivyopanda kwenye kioo mbele ya watu watatu wenye kushuhudia. Aliporudi jioni aliniuliza habari za kazi, na hata kazi ilipokwisha aliendelea kuniuliza. Sikuwahi kumwambia. Amekufa akijua kwamba ni umeme.

Habaryar nilimwambia, siku tuliyokuwa tunahamisha vitu. Chumba kilikuwa kimebaki na meza moja ndefu. Sijui kwa nini niliichagua siku ile. Labda kwa sababu sikuwa na subira hata ya kubeba siri mpaka mlangoni. Nilimwambia kuhusu volti tatu na tano, kuhusu onyo la fundi, kuhusu kile kiti kidogo ambacho kingefika kwa siku mbili. Nilimwambia nilisoma namba kabla ya kuiweka.

Alinisikiliza akiwa amesimama, kamba ya kufungia mzigo mkononi.

"Ulifanya kwa ajili ya baba yako," akasema.

"Ndiyo."

"Uso wake ungesawijika siku moja. Mbili. Halafu angesahau."

"Ndiyo, habaryar."

"Mimi ningengoja mpaka Jumatatu," akasema. Hakupaza sauti. "Nimengoja vitu vingi maishani, ningengoja na hicho. Nilikuuliza kama ndiyo yenyewe, kwa sababu chuo kilikuwa changu."

Akaning'iniza ile kamba begani mwake, akainama, akaniambia nishike upande wa pili wa meza.